Fundi na Tajiri: Historia ya Ujuzi na Malipo katika Njia ya Ugogo

1. Utangulizi

Chang'ombe ni mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma. Isichanganywe na Chang'ombe ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wengi huifahamu kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Chang'ombe ya Dodoma ni makazi yenye watu wengi, yaliyokua kwa sehemu kubwa nje ya ramani za wapangaji wa makao makuu. Katika jina lake linasikika neno ng'ombe, na katika nchi ya Wagogo ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha mali kwa vizazi vingi. Aliyekuwa na ng'ombe aliweza kuoa, kulipa faini, kuvuka mwaka wa njaa na kuheshimiwa barazani.

Katika makazi ya aina hii huishi waashi, maseremala, wachomeleaji na wasaidizi wao, ambao mikono yao imeujenga mji. Swali linalozuka ni la kale, ingawa huulizwa upya na kila kizazi: kwa nini mtu aliyeijua kazi yake barabara hatajiriki kwa kuijua? Methali husema kwamba ujuzi hauzeeki. Lakini mjuzi huzeeka, na siku nguvu zinapomwishia ndipo inapodhihirika kama ujuzi wake ulimwachia kitu au haukumwachia.

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa njia ya historia ya maneno. Hoja yake ni kwamba katika Kiswahili maneno ya ujuzi na maneno ya utajiri yalizaliwa katika nyumba mbili tofauti, na kwamba historia ya njia ya misafara iliyopita Ugogo inaonyesha sababu. Ujuzi peke yake ulimpa mtu ujira. Utajiri ulimwendea yule aliyemiliki kitu kilichobaki baada ya kazi kwisha.

2. Maneno ya nyumba mbili

Neno fundi lina shina moja na funda, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Katika Kiswahili cha karne ya 19 fundi alikuwa mtu yeyote aliyekomaa katika kazi yake na aliyeweza kuirithisha: mjenzi wa majahazi, mwashi, mfua chuma, mshona nguo. Ufundi na ualimu vilikuwa jambo moja. Mwanafunzi aliyehitimu alimpa fundi wake zawadi ya kimila iliyoitwa kilemba, na neno hilo lenyewe linaonyesha kwamba malipo hayo yalikuwa ya heshima kabla ya kuwa ya fedha. Aliyevishwa kilemba alitukuzwa. Kutukuzwa si sawa na kutajirishwa.

Tajiri ni neno la nyumba nyingine. Limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mfanyabiashara. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo ya mwenye kununua na kuuza, kisha kikalipanua likamhusu kila mwenye mali nyingi. Maana ya zamani haijafa. Dereva wa daladala anayesema kwamba jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri wake hazungumzii kiasi cha fedha alicho nacho mtu huyo. Anamzungumzia mwenye gari. Huenda dereva huyo ni hodari kuliko madereva wote wa njia yake, lakini katika lugha yake mwenyewe tajiri ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika kadi ya gari.

Baina ya nyumba hizo mbili kuna maneno ya malipo, nayo yanastahili kutazamwa moja moja. Mshahara limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo asili yake hupima muda, halipimi ubora wa kazi. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kwamba amefika kazini. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi yenyewe, kisha likawa jina la mtu. Kipande nacho kilikuwa kadi ya siku za kazi chini ya serikali ya kikoloni. Katika maneno yote matatu hakuna linalogusa ustadi. Yanagusa mwezi, karatasi na siku.

3. Wapagazi, watemi na wenye mtaji

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Nguo iliyotafutwa kuliko zote iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Ugogo ulikuwa kiungo kigumu cha safari hiyo. Upande wa mashariki msafara ulilazimika kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemewa, na upande wa magharibi uliingia Mgunda Mkali.

Kazi ya upagazi katika njia hiyo haikuwa kazi ya mtu yeyote tu. Wanyamwezi walioifanya walikuwa na elimu yake kamili. Walijua kufunga mzigo wa frasila mbili, takriban kilo 32, usimwumize mchukuzi bega. Walijua visima, majira, lugha na adabu ya kila nchi waliyopita. Walikuwa na vyeo: kirangozi aliongoza njia, na mnyampara alisimamia kundi la watu wake. Neno hilo la mwisho bado linaishi katika umbo la mnyapara au nyapara, yaani msimamizi wa vibarua.

Ujuzi huo ulikuwa na bei. Kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuzifikisha pembe pwani, wapagazi waliweza kudai. Waliposhusha mizigo na kukataa kuinyanyua, msafara mzima ulisimama, na tajiri wake alihesabu hasara kila siku. Miongoni mwa Wanyamwezi wako waliogeuza nguo za ujira kuwa mifugo, wakarudi kwao na heshima ya watu waliosafiri. Kwa hiyo si kweli kwamba ujuzi haukulipa kamwe. Ulilipa pale mwenye nao alipoweza kuunyima.

Hata hivyo, faida kubwa ya njia hiyo ilikwenda kwa watu wa aina mbili nyingine. Wa kwanza walikuwa watemi wa Kigogo. Hawa hawakuchukua mzigo; walishika maji na ardhi. Kila msafara ulioingia katika nchi ya mtemi ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo na vitu vingine, baada ya mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Richard Burton aliyepita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871 waliiandika hongo kama usumbufu na uonevu. Mtazamo wa mwenye nchi ulikuwa tofauti: katika eneo kame, msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji na kula nafaka za watu wengine, na haukupaswa kupita bure.

Wa pili walikuwa wenye mtaji wa Unguja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa msafiri mwenye ujuzi usio na kifani wa njia za bara hadi Kongo. Lakini safari zake zilihitaji mkopo, na miongoni mwa waliomkopesha alikuwa mfanyabiashara Taria Topan, ambaye hakuhitaji kuvuka Marenga Mkali ili apate sehemu yake. Daftari lake lilivuka kwa niaba yake. Waswahili wana methali inayosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika historia ya njia hii ingeweza kuongezwa kwamba kazi bila daftari hupotea vivyo hivyo.

4. Safari ya hongo na posho

Maneno mawili ya njia hiyo yamesafiri mbali kuliko mpagazi yeyote. La kwanza ni hongo. Katika karne ya 19 lilitaja malipo ya wazi yaliyotolewa mbele ya watu kwa mwenye mamlaka ya nchi. Baada ya Wajerumani kuvunja mamlaka ya watemi, malipo hayo yalikosa uhalali, na haki ya kutoza ikahamia serikalini kwa jina la kodi. Neno lenyewe halikufa. Lilibaki likitaja malipo ya kupita mahali ambapo haki ya kutoza haipo, na leo kamusi hulifasiri kuwa rushwa. Wazo la ndani halikubadilika: mwenye kushika mlango hulipwa na mwenye haja ya kupita.

La pili ni posho. Lilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, nafaka iliyopimwa kwa kibaba au nguo ya kununulia nafaka hiyo. Posho haikuwa ujira. Ilikuwa kitu cha kumwezesha mtu kuamka kesho na kubeba tena. Nchini Uganda neno hili bado limekaa karibu na jungu, kwani posho huko ni ugali. Nchini Tanzania limepanda ngazi. Limekuwa fedha anayopewa mtumishi kwa kusafiri, kwa kulala nje ya kituo chake, au kwa kukaa katika kikao. Bunge lilihamishia vikao vyake Dodoma mwaka 1996, na mwaka 2011 palizuka mjadala mkali wa kitaifa kuhusu posho za vikao za wabunge. Hoja ya wapinzani wa posho hizo ilikuwa kwamba kuketi bungeni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge amekwisha kulipwa mshahara wake.

Mwanaisimu anaona hapa mzunguko wa kustaajabisha. Neno lililopima chakula cha mchukuzi wa mizigo limerudi katika nchi ile ile ya Ugogo likiwa linapima manufaa ya cheo. Si ujuzi uliolipandisha neno posho. Limepanda kwa kumfuata mwenye kiti.

5. Reli, Mtunya na kalamu ya Mnyampala

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Katika muda wa miaka michache ujuzi wa upagazi, uliojengwa kwa vizazi, ulipoteza soko lake katika njia hiyo. Hakuna mpagazi aliyesahau kazi yake. Kazi ndiyo iliyomsahau. Hili ni funzo la kwanza kuhusu thamani ya ujuzi: haiamuliwi na mjuzi peke yake.

Funzo la pili lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo. Ukame ulipofuata, njaa iliyojulikana kwa jina la Mtunya iliikumba nchi kati ya mwaka 1917 na 1920. Mfugaji stadi na mfugaji mvivu walipoteza zizi kwa pamoja. Mali iliyokuwa kipimo cha juhudi ya maisha yote ilitoweka kwa amri na kwa mvua kukosekana.

Mwaka huo wa 1917 alizaliwa Mathias Mnyampala, katika eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alikuja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa Kiswahili, ingawa lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo. Mwaka 1954 ilichapishwa historia yake ya Wagogo, na baadaye tenzi, diwani na visa. Aliongoza chama cha UKUTA, na ndiye anayehusishwa na kuanzishwa kwa ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyotumiwa kueneza fikra za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hakuna mwanafunzi wa shule za Tanzania za miaka ya 1970 asiyejua ngonjera ni nini.

Je, kalamu hiyo ndiyo iliyomlisha? La. Mnyampala aliishi kwa kazi za serikali: ukarani, uliwali na uhakimu. Cheo kilimlipa kila mwezi. Ushairi ulimpa jina. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilianza kutoka mwaka 1970, ilhali mwandishi alikuwa amefariki mwezi Juni 1969. Mrabaha wa kazi iliyosomwa zaidi kuliko zote alizoandika haukuweza kumfikia mkononi. Tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 2013, ina jina linalofaa kuwa kichwa cha mada hii nzima: Maisha ni Kugharimia.

Hali hiyo haikuwa ya Mnyampala peke yake. Siasa ya wakati ule ilikusudia kuupunguza uzito wa fedha katika thamani ya mtaalamu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo ya makato ya mapato yao. Mwalimu Nyerere aliwafukuza na kutangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha likakataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, hadi masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lililokuwa likipingwa halikuwa ujuzi. Ilikuwa ni ile hali ya mlango mmoja kulipa hongo mara mbili.

6. Ilimba na hakimiliki

Mfano wa pili kutoka Ugogo ni wa Hukwe Zawose. Alikulia katika muziki wa Kigogo wa ilimba, zeze na sauti nyingi zinazopokezana. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na maisha yake yaliyobaki yaliungana na sanaa za taifa na na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Albamu yake Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, naye akapanda majukwaa ya mabara kadhaa. Alifariki mwezi Desemba 2003.

Katika umahiri wake hakuna mzozo. Kilicho muhimu kwa mada hii ni namna muziki wa asili unavyotazamwa na sheria. Hati ya hakimiliki humtafuta mtunzi mmoja, tarehe moja na kazi moja iliyokamilika. Ufundi wa ilimba haukai hivyo. Fundi wake hupokea sauti kutoka kwa wazee, huzigeuza kila anapopiga, na huwaachia watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilipotungwa mwaka 1999, Zawose alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa miongo kadhaa. Urithi wake haukukatika, kwani mwaka 2024 kundi la Zawose Queens la wanawake wa ukoo huo lilitoa albamu iitwayo Maisha. Ujuzi umehama kutoka kizazi hadi kizazi bila karatasi yoyote, kama zamani. Fedha za muziki, kwa upande wake, hazihami bila karatasi.

7. Mafundi wa makao makuu

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kusimamia ujenzi na ardhi. Kwa miaka mingi hati za viwanja vya Dodoma zilikuwa za miaka 33, ilhali mahali pengine nchini hati za miaka 99 zilikuwa za kawaida. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Mamlaka hiyo ikavunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Ujenzi uliofuata uliwahitaji mafundi wengi kwa mara moja.

Hapa ndipo lugha ya ajira inapodhihirisha madaraja yake. Fundi wa zamani, yule mkamilifu aliyekuwa pia mwalimu, amegawanywa. Juu yake amewekwa mhandisi, kwa jina la asili ya Kiarabu na usajili wa bodi. Chini ya mhandisi yuko fundi sanifu, kisha fundi mchundo. Nje ya muundo wote wamo fundi wa mtaani, ambaye hana kivumishi cha kumpandisha, na saidia fundi, ambaye jina lake ni amri. Asiye na leseni katika kazi fulani huitwa kishoka, hata kama kazi yake ni safi kuliko ya mwenye leseni. Mkandarasi aliyesajiliwa hupangwa katika madaraja saba, na daraja ndilo linaloamua ukubwa wa zabuni anayoweza kuigusa.

Usajili una sababu nzuri: jengo likianguka, lazima awepo wa kuwajibika. Juhudi za VETA za kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini zinaonyesha kwamba hata mfumo wenyewe umetambua pengo lake. Fundi aliyejifunza kwa miaka kumi nyuma ya fundi mwingine anaweza kupimwa na kupewa cheti. Hata hivyo, cheti humfikisha kwenye ujira bora zaidi. Hakimfikishi kwenye utajiri. Mwashi anaposimamisha nyumba, malipo yake hukoma siku ya kukabidhi ufunguo. Mwenye hati ya kiwanja huanza kulipwa siku hiyo hiyo, nayo kodi ya pango itaendelea kuingia hata mwashi atakapokuwa hawezi tena kupanda ngazi. Ndiyo maana katika makazi yaliyokua nje ya ramani, kama sehemu kubwa ya Chang'ombe, suala la kupimiwa na kumilikishwa lina uzito kuliko suala la mafunzo. Fundi aliyejijengea chumba mahali pasipo na hati ametumia ujuzi wake wote katika kitu ambacho daftari halikitambui.

8. Hitimisho

Uhusiano wa ujuzi na mafanikio ya kifedha, kama unavyosomeka katika njia ya Ugogo, hauko moja kwa moja. Baina yake kuna kitu cha tatu. Kwa mtemi kilikuwa maji. Kwa Taria Topan kilikuwa daftari la mkopo. Kwa liwali, cheo. Kwa mchapishaji, haki ya kunakili. Kwa mwenye nyumba, hati. Mpagazi alipata nafuu alipoweza kuushusha mzigo na kuwafanya wengine wangoje, na nafasi hiyo ilipokwisha mwaka 1910, nafuu yake ilikwisha pia.

Hitimisho hili halimwambii mwanafunzi adharau ujuzi. Bila kirangozi, hakuna pembe iliyofika pwani. Bila Mnyampala, ngonjera zisingekuwapo. Bila mwashi, hati ya kiwanja ni karatasi ya jangwa. Linamwambia kwamba Kiswahili, kwa kuweka fundi katika nyumba moja na tajiri katika nyingine, kimehifadhi ukweli ambao hotuba za mahafali huupita haraka. Anayejifunza kazi na afahamu pia nani anashika maji ya njia yake. Na wanaotunga sheria za ardhi, za hakimiliki na za zabuni, wengi wao wakiwa wanazitunga humo humo Dodoma, wakumbuke kwamba posho wanayosaini ilianza kuwa kibaba cha nafaka cha mtu aliyebeba frasila mbili begani.